Upatanifu wa Faili Ghafi za Picha baina ya Kamera na Programu za Kuhariri: Funzo kwa Mtafiti wa Miswada ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza suala la upatanifu baina ya faili ghafi zinazotolewa na kamera za dijitali na programu za tarakilishi zinazotumiwa kuzifungua na kuzihariri. Yanaonyesha kwamba faili ghafi si picha iliyokamilika, bali ni matini inayongoja msomaji, na kwamba maarifa ya kuisoma aghalabu hayamo mikononi mwa aliyepiga picha. Kwa kurejelea historia ya faili hizi tangu miaka ya 1990, mzozo wa mwaka wa 2005 kuhusu kamera za Nikon, na jitihada za kuunda muundo wa pamoja, makala yanadai kwamba mtafiti anayenakili miswada kwa kamera hana budi kuhifadhi ufunguo wa kusomea pamoja na matini yenyewe.

1.0 Utangulizi

Chukulia mfano wa mwanafunzi wa uzamili aliyesafiri hadi Lamu kutafuta nakala ya utendi ambao haujachapishwa. Baada ya siku nyingi za kubisha hodi na kunywa kahawa barazani, mzee wa nyumba anaufungua mkoba wa ngozi na kumruhusu kuupiga picha mswada huo kwa alasiri moja tu. Karatasi zimekula mchwa pembeni, wino mweusi umefifia na wino mwekundu wa alama za vipande umekaribia kufanana na rangi ya karatasi. Kamera ni ya kuazima, na mwenye kamera amemshauri atumie faili ghafi ili asipoteze chochote. Anaporudi chuoni, tarakilishi ya maabara inamwonyesha vijipicha vidogo vya kurasa zote, lakini kila anapojaribu kuzifungua katika programu ya kuhariri, programu inakataa na kudai kwamba faili hizo haizitambui.

Mkasa huu ni wa kukisia, lakini sababu zinazoweza kuuzua ni halisi kabisa. Mwanafunzi huyu hajapoteza faili. Hazijaharibika wala hazijafutika. Amepoteza uwezo wa kuzisoma, na huenda asiupate tena mswada wenyewe. Swali linalojitokeza ni hili: yawezekanaje mtu amiliki picha aliyoipiga kwa mkono wake kisha asiwe na ruhusa ya kuiona? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo.

2.0 Kuhusu Istilahi

Kabla ya kuendelea, ni vyema kufafanua istilahi mbili. Ya kwanza ni ghafi. Wapo wanaosema picha mbichi, lakini neno mbichi hudokeza kitu ambacho kwa wakati wake kitaiva chenyewe, mfano wa embe. Ghafi, kama litumikavyo katika mali ghafi na data ghafi, hurejelea kitu ambacho hakina budi kupitia mikononi mwa fundi ndipo kifae. Maana hii ya pili ndiyo inayoafiki, kwa kuwa faili ghafi haiwi picha mpaka programu iifanye picha.

Istilahi ya pili ni upatanifu. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili neno hili lina jamaa wa karibu, yaani upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi, nomino ndiyo inayoamua viambishi, na kitenzi sharti kifuate. Anayesema *kitabu imepotea hueleweka, lakini amevunja kanuni. Tarakilishi haina huruma ya msikilizaji. Kamera ndiyo nomino na programu ndiyo kitenzi. Iwapo programu haiijui ngeli ya kamera iliyotoa faili, haikisii maana bali huikataa sentensi nzima.

3.0 Faili Ghafi kama Matini Isiyo na Irabu

Kihisi cha kamera kimejaa vitundu mamilioni vya kupimia mwanga. Vitundu hivyo havioni rangi. Hupima wingi wa mwanga tu. Ili rangi ipatikane, kila kitundu hufunikwa kwa kichujio chekundu, kijani au buluu. Mpangilio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, naye akapewa hataza yake nchini Marekani mwaka wa 1976. Katika mpangilio huo nusu ya vichujio ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya buluu. Kwa hivyo kila nukta ya picha hupimwa rangi moja tu kati ya tatu zinazohitajika. Rangi mbili zilizosalia hukokotolewa kutokana na majirani zake.

Mpiga picha anapochagua JPEG, kamera hufanya ukokotoaji huo yenyewe, hurekebisha rangi, hulibana faili na kutupa kile ambacho haikukitumia. Kila rangi hubakia na viwango 256 vya mwangaza. Anapochagua faili ghafi, kamera huhifadhi vipimo vyenyewe, aghalabu katika biti 12 au 14, yaani viwango 4,096 au 16,384. Kwa picha ya harusi tofauti hii huenda isionekane. Kwa wino uliofifia juu ya karatasi ya kahawia, viwango hivyo vya ziada ndivyo vinavyoweza kutenganisha nukta ya herufi na doa la unyevu.

Msomaji wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu ataitambua hali hii mara moja. Hati hiyo ina alama tatu za irabu ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika miswada mingi ya kale, herufi moja ya b ilibeba sauti zaidi ya moja, hata umbo lile lile likaweza kusomwa bata, pata au mbata. Mwandishi hakukosea. Alimwachia msomaji anayeijua lugha, muktadha na bahari ya utungo akamilishe yaliyosalia. Faili ghafi nayo huandika theluthi moja ya rangi na kumwachia msomaji theluthi mbili. Tofauti ni kwamba msomaji wake ni programu, na programu haina lugha ya mama. Hujua kile tu ilichofundishwa.

4.0 Kwa Nini Programu Hukataa

4.1 Kila kamera na lahaja yake

Ingedhaniwa kwamba programu ikishajifunza kuisoma faili ghafi moja imezijua zote. Sivyo. Kampuni ya Nikon hutumia faili za NEF, Sony hutumia ARW, Fujifilm hutumia RAF, Olympus ilitumia ORF, na Canon imepitia CRW, CR2 na CR3. Isitoshe, jina moja huficha lahaja nyingi. NEF ya kamera moja si lazima ilingane na NEF ya kamera iliyotoka miaka miwili baadaye. Vihisi hutofautiana kwa ukubwa, jinsi ya kubana data, kiwango cha weusi na namna vichujio vinavyopitisha rangi. Programu huhitaji kuyajua haya yote kwa kila modeli. Ndiyo maana kubadilisha herufi za mwisho wa jina la faili hakusaidii kitu. Ni sawa na kubandika jalada la kamusi juu ya kitabu cha hesabu.

Hapa ndipo umri wa programu unapokuwa na uzito. Photoshop husoma faili ghafi kupitia kijiprogramu kiitwacho Camera Raw, kilichoanza kuuzwa mwaka wa 2003. Kila toleo la Photoshop lilikuwa na kikomo chake. Photoshop CS3 ilikomea katika Camera Raw 4.6 ya mwaka wa 2008, na CS6 ikakomea katika 9.1.1 ya mwaka wa 2015. Kwa hivyo maabara yenye CS6 haiwezi kuifungua moja kwa moja faili ya CR3, kwa kuwa Canon iliuanzisha muundo huo mwaka wa 2018 katika kamera ya EOS M50. Programu haikuharibika. Ilifungiwa katika mwaka wake, mithili ya kamusi ambayo haina maneno yaliyozuka baada ya kuchapishwa.

4.2 Kijipicha kinachohadaa

Mbona basi mwanafunzi wa mfano wetu aliviona vijipicha? Sababu ni kwamba kamera nyingi huweka ndani ya faili ghafi picha ya JPEG iliyokwisha kutayarishwa, ili ionekane haraka kwenye kioo cha kamera. Mfumo wa tarakilishi unaweza kuitoa picha hiyo bila kuvielewa vipimo vyenyewe. Hili ni jambo la hatari kwa mtafiti, maana humfanya aamini kwamba kazi yake imo salama. Kuonekana si kusomeka. Hata hivyo, picha hiyo ya ndani inaweza kuwa nusuru, kwani zipo programu za kuichopoa na mara nyingine huwa na ukubwa wa kutosha kusomeka.

4.3 Mzozo wa mwaka wa 2005

Sababu zilizotajwa hadi hapa ni za kiufundi. Ipo nyingine ya kimamlaka. Mnamo mwaka wa 2005 ilibainika kwamba Nikon ilikuwa imesimba sehemu ya taarifa katika faili za NEF za kamera zake za D2X na D2Hs. Taarifa iliyosimbwa ilihusu mizani ya weupe, yaani kipimo kinachoiambia programu mwanga uliotumika ulikuwa wa rangi gani, ili karatasi nyeupe isionekane ya manjano chini ya taa au ya buluu kivulini. Thomas Knoll, mmoja wa waasisi wa Photoshop, alieleza hadharani kwamba Adobe ilisita kuufumbua usimbaji huo kwa kuhofia sheria ya Marekani ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka wa 1998. Nikon nayo ilijibu kwamba ilikuwa na zana zake za kuwapa waundaji programu waliostahiki.

Ni haki kusema kwamba faili zenyewe zilifunguka, na mhariri angeweza kuirekebisha mizani hiyo kwa jicho lake. Lakini mzozo huo ulizua swali zito. Kipimo kilichosimbwa kilitokana na picha iliyopigwa na mwenye kamera, kwa kamera aliyoinunua, ya kitu alichokichagua. Je, ni nani mwenye haki ya kuamua kisomwe na programu ipi? Watengenezaji wana hoja zao: vihisi hubadilika kila mara, siri za ushindani zipo, na programu zao wenyewe huzisoma faili zao vizuri. Hoja hizo zina mashiko leo. Hazisemi lolote kuhusu siku ambayo kampuni itaiacha modeli hiyo au itafungwa.

5.0 Juhudi za Kupatanisha

Jitihada za kulitatua tatizo hili zimefuata njia tatu. Ya kwanza ni ya wafumbuzi. Mwaka wa 1997 Dave Coffin, mwandishi wa programu wa Marekani, alianza kuandika dcraw, programu iliyokusudiwa kusoma faili ghafi za kamera yoyote. Alizichunguza faili moja moja na kuziandikia sarufi yake, jinsi mwanaisimu anavyoandika sarufi ya lugha isiyo na maandishi kwa kuwasikiliza wasemaji. Alifikia mamia ya kamera, na akaitoa kazi yake wazi ili wengine waitumie. Maktaba ya programu iitwayo LibRaw ilichipuka kutokana na kazi hiyo, na programu huru kama vile darktable na RawTherapee zinampa leo mtafiti asiye na fedha uwezo wa kusoma faili za kamera nyingi bila malipo.

Njia ya pili ni ya wadai. Mwaka wa 2005 wapiga picha na wahariri walianzisha kundi la OpenRAW, wakiwataka watengenezaji wachapishe maelezo kamili ya faili zao. Hawakudai muundo mmoja. Walidai kila kamera iambatane na sarufi yake. Watengenezaji wakubwa hawakuitikia wito huo.

Njia ya tatu ni ya muundo wa pamoja. Mnamo Septemba 2004 Adobe ilitangaza DNG, muundo wa faili ghafi ambao maelezo yake yamechapishwa na unaoweza kutumiwa bila malipo. DNG hubeba ndani yake vipimo pamoja na taarifa za rangi zinazohitajika kuvisoma, hivi kwamba programu haihitaji kuijua modeli ya kamera mapema. Baadhi ya kamera, kama vile Leica M8 na Pentax K10D za mwaka wa 2006, ziliweza kuandika DNG moja kwa moja, na simu za Android ziliwezeshwa tangu toleo la 5.0 la mwaka wa 2014. Fauka ya hayo, Adobe hutoa bure programu ya kugeuza faili za kampuni nyingine kuwa DNG. Kwa maabara yenye Photoshop kongwe, hii ndiyo njia nyepesi: faili ya kamera mpya hugeuzwa kwanza, kisha hufunguliwa katika programu ya zamani.

Hata hivyo, DNG si dawa ya kila ugonjwa. Canon, Nikon na Sony hazijaifanya kuwa faili ya kawaida ya kamera zao kuu. Pili, programu ya kugeuza nayo sharti iwe inaijua kamera husika, kwa hiyo toleo la kale halitasaidia kamera mpya. Tatu, ugeuzaji unaweza kuziacha taarifa za siri za mtengenezaji bila maana. Kwa hivyo si busara kuifuta faili asilia baada ya kuigeuza.

6.0 Upatanifu wa Uhariri

Lipo tatizo jingine ambalo husahaulika. Programu nyingi za kuhariri faili ghafi haziigusi faili yenyewe. Huandika maagizo pembeni: ongeza mwangaza kiasi hiki, punguza manjano kiasi kile. Maagizo hayo huwekwa katika hifadhidata ya programu au katika faili ndogo ya XMP inayoandamana na picha. Kila programu ina namna yake ya kuyatekeleza. Picha iliyosafishwa kwa uangalifu katika Lightroom haitaonekana vivyo hivyo katika programu nyingine, hata kama zote mbili zinaisoma faili ghafi ile ile.

Mfano mwafaka ni Aperture, programu ya kampuni ya Apple iliyotolewa mwaka wa 2005. Mwaka wa 2014 Apple ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena, na tangu mfumo wa macOS Catalina wa mwaka wa 2019 haifanyi kazi. Waliokuwa wakiitumia walibaki na faili zao ghafi, lakini maagizo ya miaka mingi hayakuhamia kikamilifu kwingine. Kwa mhakiki wa miswada hili si jambo dogo. Ikiwa usomaji wake wa neno fulani ulitegemea jinsi alivyouangaza ukurasa, basi ushahidi wa usomaji huo umo katika maagizo, haumo katika faili ghafi pekee. Sharti atoe picha kamili inayoonyesha kile alichokiona.

7.0 Mapendekezo kwa Mtafiti

Kutokana na mjadala huu, mapendekezo yafuatayo yanatolewa kwa mtafiti anayejiandaa kwenda nyanjani.

Kwanza, aijaribu njia yote kabla ya safari. Apige picha moja ya ukurasa wowote kwa kamera atakayoitumia, kisha aifungue katika tarakilishi na programu atakayoitumia. Jaribio hili ni la dakika chache, nalo lingemwokoa mwanafunzi wa mfano wetu.

Pili, aiweke kamera ihifadhi faili ghafi na JPEG kwa pamoja. JPEG itasomwa na kila tarakilishi, na faili ghafi itabaki kwa uchunguzi wa ndani.

Tatu, apige picha ya kadi ya kijivu pamoja na ukurasa wa kwanza, na tena mwanga unapobadilika. Kadi hiyo humwezesha mhariri yeyote kuipata mizani ya weupe hata kama taarifa za kamera hazisomeki.

Nne, ahifadhi nakala tatu: faili asilia kama ilivyotoka kwenye kamera, DNG, na picha kamili ya TIFF. TIFF ni muundo mkongwe unaosomwa na programu nyingi. Mradi wa Endangered Archives Programme wa British Library, ulioanza mwaka wa 2004 na ambao chini yake miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilinakiliwa kidijitali, hutaka picha za kuhifadhiwa ziwe za TIFF. Gharama yake ni nafasi. Kwa kamera ya pikseli milioni 12 yenye biti 14, vipimo ghafi visivyobanwa huchukua takriban megabaiti 21 kwa ukurasa, ilhali TIFF ya biti 16 kwa kila rangi huchukua takriban 72. Mswada wa kurasa 300 utahitaji takriban gigabaiti 6.3 kwa faili ghafi na 21.6 kwa TIFF. Nafasi hiyo hupatikana kwa bei nafuu kuliko safari ya pili.

Tano, aandike kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la kamera, toleo la programu, tarehe na mabadiliko yaliyofanywa yaandikwe katika faili ya maandishi matupu na kuwekwa pamoja na picha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upatanifu wa faili ghafi si suala la mafundi peke yao. Ni suala la usomaji, na la nani anayeushika ufunguo wa usomaji. Historia ya fasihi ya Kiswahili ina funzo juu ya hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka wa 1840. Tungo zake hazikuwafikia wasomaji wa leo kwa kuandikwa tu. Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka wa 1890, alizikusanya na kumpa W. E. Taylor pamoja na maelezo ya kuzifafanua, na karne moja baada ya kifo cha mshairi, mwaka wa 1940, William Hichens akazichapisha. Sikujua alihifadhi matini na ufunguo wake kwa pamoja. Laiti angeiacha hati peke yake, wasomi wangekuwa bado wanabishana kuhusu bata, pata na mbata.

Mtafiti wa sasa anayebeba kamera badala ya kalamu ya mwanzi amerithi jukumu lile lile. Mzee wa Lamu aliyeufungua mkoba wake hakuitoa picha kwa kampuni ya kamera wala ya programu. Aliiamini mikono ya mwanafunzi. Amana hiyo inadai kwamba ajapo mjukuu wa mzee huyo kuuliza mswada wa babu yake uko wapi, aweze kuonyeshwa ukurasa wenyewe, wala si kijipicha chake.